Anayeonja kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mgeni akija kwako Jumamosi, utampeleka kilabu gani cha pombe ya kienyeji mtaani kwenu?" Swali hilo nililisoma nikiwa kwenye daladala ya Kiboriloni, likakataa kunitoka kichwani hadi nashuka. Naishi Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, na nimelelewa na pombe. Sina maana ya kuinywa. Sare, daftari na mafuta ya taa ya kusomea vilitoka kwenye pipa la mbege, pombe yetu Wachaga, lililokaa nyuma ya jiko la mama yangu. Kwa hiyo mnivumilie nikijibu kwa kirefu.

Jibu langu la kwanza lilikuwa fupi: simpeleki popote. Nimeona wageni wanavyopelekwa Marangu na Materuni, wanapewa kata, wanapiga funda moja, wanakunja uso, wanapigwa picha, wanaondoka. Siwalaumu wanaoishi kwa kazi hiyo. Lakini kilabu cha huku mtaani ni ua wa mtu. Unapita kwenye kamba ya nguo za watoto kabla hujafika kwenye benchi. Mwenye ua ameamka saa kumi usiku kukoka moto, na jirani zake wengine bado wanamwita "mama pombe" kwa sauti ambayo mtoto wake anaisikia. Mimi nimekuwa huyo mtoto. Sikutaka kumwongezea mtu kama huyo kundi la watu wa kumtazama.

Tena wengi wanaomtembelea hawajui wanachokitazama. Anayesema mbege ni pombe ya ndizi amesema nusu. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao hulowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa; hicho ndicho kimea. Uji wa kimea hupikwa na magome ya msesewe, yanayoleta ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, halafu huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Kesho yake pombe inanyweka, keshokutwa imeshakuwa kali. Ile Raha ya chupa inayotengenezwa Arusha ni mvinyo wa ndizi, mwepesi na angavu. Ni kinywaji kizuri, lakini hakina ulezi, na kwetu pombe isiyo na ulezi haiitwi mbege.

Kazi yote iko kwenye kimea. Hilo nililijua Disemba 1997, mvua ya El Niño ilipokuwa haijui Jumatatu wala Jumapili. Mama alikuwa amepokea oda ya madebe matano kutoka kwa baba mmoja wa Msaranga, pombe ya kwenda kuposa. Watu wote wanarudi nyumbani Krismasi, na shughuli kama hizo hupangwa siku hizo. Yule baba alikuwa ametoa nusu ya pesa mapema. Mama akanunua ndizi Kiboriloni, tukazibeba, tukazimenya, tukachemsha siku nzima kwa kuni mbichi zilizotutoa machozi. Pipa likafunikwa kwa majani ya migomba. Sehemu hiyo ilikwenda vizuri.

Ulezi ulikuwa umeota vizuri pia, kila punje na kijimzizi chake cheupe. Lakini jua la kuanikia halikuwapo. Tuliutandaza kwenye mkeka ndani, karibu na mafiga, tukaugeuza asubuhi na jioni. Siku ya nne mama alichota kiganja kimoja, akakifikicha, akakinusa. Hakusema kitu. Akanipa na mimi ninuse. Kimea kizuri kinanukia kama mkate unaoanza kuiva. Kile kilinuka kama nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Katikati ya mkeka, punje zilikuwa zimeshikana, zina unga wa kijani-kijivu.

Shangazi yangu alikuwapo. Akasema, "Mae! Usipoteze pesa yote hiyo. Saga, halafu zidisha msesewe, uchungu utafunika." Na mama alikaribia kukubali. Hilo nataka liandikwe, kwa sababu watu hupenda kuwasimulia mama zao kana kwamba hawakuwahi kushawishika. Alisaga kidogo, akapika kwenye sufuria ndogo, akatia msesewe mwingi, akachanganya na kikombe cha maji ya ndizi. Akangoja hadi kesho yake. Akachukua kata, akaonja, akaenda mlangoni akatema kwenye matope.

Hakukuwa na kimea kingine cha kununua mtaani; kila nyumba ilikuwa na mkeka kama wetu. Mama alimwaga maji yote ya ndizi kwenye migomba, ndoo kwa ndoo, mimi nikihesabu. Kisha akauza vitenge viwili vipya ili pesa ya oda itimie, akaifunga kwenye pindo la kanga, tukatembea hadi Msaranga kwenye mvua. Yule baba alikasirika. Akamwambia, "Mama, kwani nani angejua? Pombe yenyewe ni ya shughuli, watu watakunywa wamechanganyikiwa na furaha." Mama akamjibu kwa upole, ameinamisha kichwa, akimwita kwa jina la heshima: "Mangi, anayeonja kwanza ni mimi."

Wachaga wenzangu wanaelewa. Mwenye pombe huonja mbele ya mgeni kabla ya kumkabidhi kata, mgeni ajue hakuna baya ndani. Mama hakuwa anatoa mafumbo. Alikuwa anasema kwamba angelazimika kuinywa ile pombe mbele za watu, na asingeweza. Yule baba alipata pombe yake Uru, kwa mama mmoja aliyekuwa na kimea cha kabla ya mvua, na posa ikakubaliwa. Sisi Krismasi ile tulikula makande.

Neno sumukuvu wengi wetu tulilisikia mwaka 2016, watu walipofariki Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye ukungu. Mama hakuwahi kulijua neno hilo. Alijua harufu.

Sasa ndiyo maana swali lenu liliniuma. Mnauliza kilabu gani, mimi nauliza nani anapika na anapikaje. Zipo nyua hapa hapa mtaani ambako kimea kimepunguzwa na nafasi yake imechukuliwa na sukari na hamira, pombe iwe tayari kesho. Inalewesha haraka na inauma kichwa. Mteja asiyejua mbege ataisifu au kuilaumu yote kwa pombe ya huko, na wapishi wa kweli wanabebeshwa jina hilo.

Nilipofika hapa nikakwama, nikaiacha kalamu hadi jioni. Yupo mama mmoja, rika la mama yangu, anapika hadi leo upande wa mtoni. Binti zake watatu hakuna aliyetaka kujifunza, na mabenchi yake siku hizi yana wazee sita saba tu. Mimi ninayejua kazi yake, na ninayekataa kumpelekea mgeni eti namlinda, namlinda na nini? Vijana wanakwenda kwenye sukari na hamira kwa sababu hawajawahi kuonja kitu kingine. Nikiendelea kunyamaza kwa heshima, pipa lake litakauka kwa heshima hiyo hiyo.

Basi nabadilisha jibu, ingawa si kwa moyo wote. Nitampeleka mgeni, kwake tu, na mmoja au wawili, si kundi. Alasiri, baada ya saa tisa, si wakati wa ibada. Simu ibaki mfukoni. Tutamwamkia kwanza, tutakaa tunapoelekezwa, tutanunua kopo zima na kulilipa hata likitushinda. Mwenye kuendesha gari au bodaboda atakunywa chai. Kwenye gongo sitampeleka mtu, hata akiniomba kwa machozi. Na kabla mgeni hajagusa kata nitamwambia asubiri, amtazame mama akionja.

Jina lake na njia ya kwake sivitaji hapa. Mwenye nia aniulize tukionana. Na tukifika tukakuta geti limefungwa, tusigonge. Kimea hakijakauka. Tutarudi Jumamosi nyingine.

Msomaji wenu, Rau, Moshi