Yangeyange anapowinda: maswali ya wapiga picha wa pwani

Nifike saa ngapi? Kila nikienda, ndege wako mbali kwenye ukingo wa maji. (Msomaji, Kilifi)

Anza na jedwali la maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Basi kati ya saa moja na saa mbili na nusu maji yako nusu, jua liko chini, na vidagaa wanateremka na vijito vinavyotoka kwenye mikoko. Yangeyange, ndege weupe wenye miguu mirefu, husimama kwenye midomo ya vijito hivyo. Ukifika saa nne, tope lote liko wazi na ndege wametawanyika. Kaa kando ya kijito mapema, uwaache waje wenyewe.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, asubuhi maji huwa yanajaa. Hapo geukia ndege wa ufukweni kama sululu na chamchanga, maana maji yanawasukuma kuelekea kwako. Nyinyi wa Kilifi mna bahati ya hori ya Mida, ambako daraja la kuning'inia linapita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege.

Nabonyeza nikiona amechoma mdomo majini, napata matone tu. (Dar es Salaam)

Ukiliona tukio, limeshapita. Tazama shingo. Yangeyange akitaka kudaka husimama ghafla, huinamisha mwili mbele, hukunja shingo, na mara nyingi hulaza kichwa upande ili mng'ao wa maji usimzuie kuona. Shingo ikikunjwa, anza kupiga mfululizo. Weka kasi ya sekunde 1/2000 au zaidi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ijiongeze yenyewe, na fokasi ya kufuatilia iwe kwenye jicho. Ukiiacha ichague yenyewe hushika viwimbi vya mbele.

Na usiachie kidole mapema. Akishadaka, humgeuza samaki atangulie kichwa ili miba ilale wakati wa kumeza. Sekunde hizo mbili tatu ndizo zenye picha bora kuliko mdono wenyewe: samaki hewani, mdomo wazi.

Yangeyange wangu anatoka kama karatasi nyeupe, manyoya hayaonekani. (Tanga)

Kamera imeona tope jeusi ikaongeza mwanga, weupe ukaungua. Punguza mwanga kwa -2/3 hadi -1 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, na uwashe alama ya kumeta kwa sehemu zilizoungua. Ikimeta mgongoni mwa ndege, punguza tena. Tope likiwa jeusi kidogo si hasara, utalinyanyua baadaye. Unyoya ulioungua haurudi.

Nimeona yangeyange mweusi akijifunika mabawa kama mwavuli. Nimpigeje? (Lamu)

Huyo ana mtindo wake. Anatembea hatua chache, anayaleta mabawa mbele mpaka yakutane, kichwa kinabaki ndani ya kivuli kwa sekunde mbili au tatu, anafungua, anasogea. Kivuli huondoa mng'ao, na inadhaniwa pia huwavuta samaki wanaotafuta maficho.

Ukimpiga ukiwa umesimama utapata bonge jeusi. Lala kifudifudi, kamera juu ya mfuko wa mchele, lenzi iwe kiasi cha shibiri moja kutoka majini. Jua la asubuhi likiwa mgongoni mwako litaingia chini ya mwavuli na kuonyesha jicho la njano. Ongeza mwanga +2/3. Acha nafasi mbele yake, maana mwavuli ukifunguka humzidi upana na mabawa hukatwa pembeni. Ukirudi, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kitambaa kikavu husugua chumvi kwenye kioo.

Lenzi yangu ni ya milimita 600, mbona picha hazitoki kali? (Mombasa)

Ni joto linalopanda kutoka kwenye mchanga. Kuanzia saa nne hakuna lenzi inayolishinda. Piga mapema, au piga ndege wa karibu tu.

Nisogee hadi umbali gani? (Bagamoyo)

Ndege ndiye anayepima. Akiacha kula na kunyoosha shingo juu, umeshazidisha: simama, kisha rudi nyuma taratibu. Hasa kuanzia Februari hadi Aprili, sululu na chamchanga wanajaza mafuta ya safari ya kaskazini, na kila wanaporushwa wanayatumia. Maji yakijaa nao wamekusanyika kupumzika kwenye fungu la mchanga, usiwasogelee kabisa. Hawana kwingine pa kutua.