Sherman yangu ilikuwa fupi kwa milimita nane

Mkuu wa Lindi, nimeona maswali yako matatu. Vipande vya resini vya kugeuzia kifaru chako cha kuchezea, kile cha plastiki cha kuunga mwenyewe, vimefika vimepinda na vinateleza mkononi, gundi ya plastiki haishiki, na hujui ukate kwanza bodi ya kifaru au usafishe kwanza vipande. Mimi niko Mtwara, hapa Chuno, na seti ya aina hiyo nimeihangaikia miezi saba. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo lililonigharimu: huo msumeno weka chini kwanza.

Seti yangu ilikuwa ya kugeuza Sherman, kifaru cha Wamarekani cha Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1/35 (yaani kidogo mara 35 kuliko chenyewe), iwe gari la kuvuta vifaru vibovu, lile Waingereza waliloliita ARV Mk I. Kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga kinatolewa, tundu lake linazibwa kwa bamba, na mbele unafunga mkono wa kreni. Ndani ya boksi nilikuta vipande ishirini na ushee vya rangi ya maziwa mgando, kipande cha waya, na karatasi moja ya picha zilizofifia. Kifaru chenyewe hakimo, unajitafutia. Mimi nilikuwa na M4A3, aina mojawapo ya Sherman, ya kampuni ya Tamiya imekaa kabatini, nikasema Sherman ni Sherman.

Kumbe sivyo. ARV Mk I kwa kawaida ilijengwa juu ya Sherman V, ambayo kwa majina ya Wamarekani ni M4A4. Hiyo ina kisa chake. Injini za vifaru zilikuwa adimu, basi Chrysler wakachukua injini tano za magari madogo, kila moja silinda 6, wakazifunga pamoja ziendeshe kifaru kimoja. Silinda 30! Dude hilo halikuenea kwenye bodi ya kawaida, ikabidi bodi irefushwe karibu sentimita 28. Bogi, yaani zile jozi za magurudumu ya chini, zikaachana zaidi, na mnyororo wa kila upande ukawa na pingili 83 badala ya 79. Zilitengenezwa 7,499 na nyingi zikaenda kwa Waingereza, ndiyo maana unazikuta kwenye magari yao ya kila namna.

Sentimita 28 ukizigawa kwa 35 ni milimita 8. Kwa kusikia tu ni kitu kidogo. Lakini mimi nilishakata sitaha ya nyuma, yaani paa la injini, ya M4A3 yangu kwa kufuata ile karatasi, nikaleta kipande cha resini nikiweke, kikatokeza nyuma kama kanzu ya baba aliyovaa mtoto. Nilikaa nacho mkononi nikidhani resini ndiyo imekosewa. Siku ya tatu ndipo nikapata akili ya kuhesabu pingili kwenye picha za kifaru chenyewe.

Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, chukua picha ya gari unalotaka kujenga uangalie nafasi kati ya bogi na bogi. Kwenye M4A4 zimeachana wazi kabisa. Kwenye Sherman nyingine zimekaribiana, unaona kanafasi kadogo tu. Halafu angalia boksi lako. Kama havifanani, bora ujue leo.

Sasa resini. Usiichukulie kama plastiki ya kwenye boksi la Tamiya. Hii ni ya kumimina: inachanganywa ikiwa maji, inatiwa kwenye kalibu la silikoni, inaganda. Ili ising'ang'anie kalibu, wengi hupaka mafuta ya kuachilia, na hayo ndiyo yanayokutelezesha vidole. Rangi haikai juu yake na gundi haishiki. Osha kila kipande kwa sabuni ya maji ya vyombo na mswaki wa zamani, kwa maji ya uvuguvugu. Ukitumia ya moto vitapinda zaidi. Suuza, anika kivulini juu ya taulo. Kama baada ya kuosha mara mbili bado kipande kinanata, basi hayo si mafuta, ni mchanganyiko ambao haukuganda vizuri. Hicho mwandikie muuzaji, usipoteze muda nacho.

Kuhusu kupinda usiogope, hilo ndilo jepesi kuliko yote. Mkono wangu wa kreni ulifika kama upinde wa kuwindia ndege. Chemsha maji, yaepue, yaache yatulie kidogo, tumbukiza kipande kwa sekunde chache mpaka kiwe laini kama mchicha uliopikwa. Kilaze juu ya kioo au kigae kilichonyooka, kinyooshe kwa vidole, kikiwa bado kimenyooka kitie kwenye maji baridi. Kimekwisha. Ila kumbuka joto letu la huku: kipande chembamba ukikiegemeza ukutani kikiwa kinapigwa na jua la dirishani kinaweza kurudi kilipotoka. Vyangu nilivilaza chini ya kamusi mpaka siku ya kuviunga.

Kila kipande kina kisiki, yaani pale resini ilipomiminiwa. Nilitumia msumeno wa chuma wa kawaida, ule wa fundi bomba, nikakata usawa wa mstari. Meno yale ni manene, yakala karibu milimita nzima ya kipande chenyewe. Jifunze kwangu: nenda kwa sonara, mwombe akuuzie nyembe mbili tatu za ule msumeno wake mwembamba, kata mbali na mstari, kinachobaki malizia kwa msasa.

Na msasa huo utumie ndani ya maji. Hapa sitanii. Vumbi la resini ni jepesi, linaingia kifuani na halina dawa. Siku mbili za mwanzo nilisugua mkavu, sebuleni, bila barakoa, nikakohoa wiki nzima. Mjomba wangu ni mchongaji wa mpingo, amekohoa vumbi maisha yake yote. Alipoona ninachofanya alinipokonya msasa bila salamu. “Wewe mtoto, mpingo ulionifanya hivi mimi ni mti tu. Hilo lako ni dawa za viwandani.” Tangu hapo beseni la maji liko mezani, msasa namba 400 kisha 800, na maji machafu simwagi jikoni. Barakoa bado navaa ninapokata. Beseni lenyewe lilileta kesi nyingine. Mama watoto aliuliza kwa upole sana, “Baba Zuhura, hili la kuoshea mchele nalo limeandikishwa jeshini?” Nunua lako.

Gundi. Ile ya plastiki haishiki kwa sababu kazi yake ni kuyeyusha: plastiki mbili zinayeyuka zinakuwa kitu kimoja. Resini haiyeyuki kwa gundi ile, hata uipake mpaka kesho. Tumia supaglu kwa vipande vidogo, na gundi ya mirija miwili ya kuchanganya kwa vile vikubwa au vinavyobeba uzito. Ile ya kuchanganya ina faida moja kubwa: inakupa dakika kadhaa za kusogeza kipande kikae sawa. Supaglu haikusamehe, ikishika imeshika.

Halafu supaglu na pwani yetu haviivani. Hewa ya huku ina maji mengi, hasa miezi ya mvua, na supaglu ikikauka kwenye unyevu hutoa mvuke unaoganda pembeni kama ukungu mweupe. Niliunga taa za mbele mwezi wa kwanza, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa. Asubuhi taa zote mbili zimepata mtoto wa jicho. Kwa kitu chochote cha kuangaza tumia ile gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inaonyesha. Vanishi ya kufifisha mng'ao nayo ni vivyo hivyo, ukiipuliza siku ya unyevu inakuwa kama umepaka unga. Mimi siku hizi kazi ya kupuliza naiachia kipindi cha kusi, Juni mpaka Septemba, asubuhi kabla upepo haujaanza kuleta mchanga.

Jingine ambalo karatasi haisemi: resini husinyaa kidogo inapoganda. Bamba langu la kuzibia tundu la kichwa lilipungua karibu nusu milimita kila upande. Ndiyo maana nakwambia usikate bodi kwa vipimo vya karatasi. Osha vyote, nyoosha vyote, ondoa visiki vyote, vifunge vyote kwa utepe wa karatasi bila gundi, tazama, kisha chora mstari kwa kufuata kipande chenyewe. Mwanya ukibaki, jaza supaglu na unyunyizie bekingi soda juu yake. Inaganda papo hapo, ngumu kama jiwe, kwa hiyo isugue mapema. Matundu ya hewa nayo unayaziba hivyo hivyo, au kwa pati ya mafundi rangi wa magari, wanakuuzia kidogo ukiwabembeleza.

Narudi kwenye kifaru changu kifupi. Kuagiza kingine ilikuwa posta, ushuru, na kusubiri tena. Nikaamua kukirefusha. Nilikata bodi ya chini mahali pawili, kati ya bogi ya kwanza na ya pili, na kati ya pili na ya tatu, nikaongeza milimita 4 kila mahali. Plastiki ya kuongezea niliipata kwenye makasha ya CD. Yale ni plastiki ya jamii ile ile ya kifaru, kwa hiyo gundi ya plastiki inayayeyusha vizuri, ila yanavunjika kama kioo: kwaruza kwa kisu mara kumi ndipo uvunje. Usijaribu ndoo za aiskrimu, nilizijaribu, hazishiki gundi yoyote. Juu nikafanya vivyo hivyo, na hapo sitaha ya resini ikakaa kama imezaliwa pale.

Ikabaki minyororo, pingili nne pungufu kila upande. Hapa ndipo nilipojisifu mwenyewe. Nilichukua sabuni ya mche, nikailainisha kwa maji ya moto, nikaukandamiza mnyororo juu yake mpaka alama ya pingili nne ikatokea, kila jino na kila mfereji. Ikakauka usiku mzima. Kwenye ile alama nikashindilia pati ya chuma ya kukanda, ile wanayozibia matangi yanayovuja. Haishikani na sabuni. Kesho yake nikaibandua, nikasugua mgongo, na nilikuwa na pingili nne. Nikarudia kwa upande wa pili. Upande wa ndani hazina alama yoyote, ni bapa, lakini nimeziweka chini zinapokanyaga ardhi, na ardhi yenyewe ni matope. Matope ni udongo mwekundu niliochota njiani nikitoka Newala, nimeuchekecha kwa kitambaa na kuuchanganya na gundi nyeupe na maji.

Najua kuna mdau atauliza udongo wa Newala unafanya nini kwenye ARV ya Waingereza iliyokuwa Ulaya. Ni haki yake. Sikujenga ya Ulaya. Marehemu babu alikuwa kibarua Nachingwea enzi za mradi wa Waingereza wa kulima karanga, ule ulioanza 1947 na kufa 1951, na alikuwa akitusimulia mashine za vita zilizoletwa kung'oa miti. Tulidhani anatia chumvi. Kumbe matrekta mengi ya mradi ule yalikuwa masalia ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino, na kampuni ya Vickers ilichukua Sherman za ziada ikazigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick, yakaletwa Tanganyika. Changu si Shervick, zile zilibadilishwa kuliko hivi. Ni Sherman isiyo na kichwa, imekwama kwenye tope jekundu, na kreni yake imeinua kisiki. Kisiki ni kile nilichokata kwenye bamba la resini, nimekipaka rangi ya mti.

Kwa hiyo usitupe visiki vyako. Na leo jioni hesabu pingili za mnyororo ulio kwenye boksi lako kabla ya kitu kingine chochote, uniandikie hapa umepata ngapi. Ukipata 79 na seti yako ni ya Sherman V, ile sabuni bado ninayo, alama haijafutika. Gari za Lindi zinaondoka hapa kila asubuhi, nitakufungia kwenye gazeti nimpe kondakta.