Mama Alitolewa Kizazi, Sisi Tukaambiwa Ni Kidole Tumbo

Juzi binti mmoja kaniandikia: "Dada, eti faibroidi, hizi vimbe za kwenye kizazi, zinawapata wanaochelewa kuzaa kwa kuendekeza kazi?" Nikaizima simu. Maneno hayohayo wifi yangu aliniambia sebuleni kwangu, mbele ya wageni, wiki mbili baada ya upasuaji wangu. Akaongeza na vidonge vya uzazi wa mpango: vimeganda tumboni.

Mimi kwa miaka mitatu nilivaa sketi nyeusi tu kazini. Siku ya pili ya hedhi ni pedi mbili na kipande cha kanga juu yake, na bado nikinyanyuka lazima nigeuke kukagua kiti. Mabonge yalitoka ukubwa wa zambarau. Nikajua ndivyo nilivyoumbwa. Siku nilipoanguka kwenye ngazi za ofisi, wingi wa damu ulikuwa 6.1, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Altrasaundi ikaonyesha vimbe saba, kizazi kimetanuka kama mimba ya wiki 18.

Daktari akauliza, "Mama au dada zako je?" Nikasema hakuna. Jioni nikampigia mama. Kimya kirefu, kisha: "Ile operesheni yangu haikuwa kidole tumbo, mwanangu. Walinitoa kizazi." Miaka ishirini! Nilimkasirikia mama yangu, Mungu anisamehe, kuliko nilivyomkasirikia wifi.

Maana ugonjwa wenyewe si wa ajabu hata kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kuwa wakifika miaka 50, zaidi ya wanawake weusi 80 katika kila 100 wanakuwa na faibroidi, na weupe karibu 70. Wengi hawajui, kwa sababu haziwasumbui. Anayezidi kuwa hatarini ni yule ambaye mama au dada yake anazo, aliyevunja ungo mapema, mwenye uzito mkubwa, mwenye presha, mwenye upungufu wa vitamini D. Asiyezaa naye yumo, hapo wifi kapatia nusu. Ila mama yangu kazaa sita. Na vidonge havigandi tumboni; hata sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, tafiti zimeikuta ikiambatana na hatari iliyopungua, si iliyoongezeka.

Kwa hiyo wewe unayejaza pedi kwa saa moja halafu unasema "ndiyo damu yangu ilivyo", nenda kapime. Acha chupa za dawa za kuyeyusha uvimbe, mimi nilizimaliza tano na uvimbe ukabaki palepale. Na leo hii mpigie mama. Akikwepa, mpigie shangazi. Aibu zetu hizi ndizo zinazotumaliza damu.

Mdogo wangu alipima wiki ileile. Anazo mbili, ndogo kama maharage, daktari kasema ziangaliwe tu. Mama yeye, jirani akiliuliza lile kovu, bado anajibu kidole tumbo.