Mfalme Anapomtambua Mwanawe: Kwa Dada Aliyekwama Sura ya Nne

Jumapili iliyopita, nilipokuwa nikifunga kibanda changu cha nguo sokoni Kibuye, nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Kakamega. Anaandika riwaya ya mapenzi ambamo mwana wa mfalme anakutana tena na mwanamke aliyempenda miaka sita iliyopita, na mwanamke huyo analea mtoto ambaye baba yake hajui kuwa yupo. Wasomaji wake wa WhatsApp walishangilia sura tatu za kwanza, kisha wakanyamaza. "Dada, nimekosea wapi," aliniuliza, "ilhali kasri lipo, taji lipo na mtoto yupo?" Nilimjibu kwa mistari miwili kwa sababu giza lilikuwa limeingia, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha, na kwa kuwa ninyi nyote mnaonisoma mna ndoto ya kuandika, nimeona nilitoe hapa kwa kirefu.

Mwezi uliopita nilikamilisha riwaya yangu ya tatu ya aina hiyo, sura 41, na wasomaji 212 walinilipa shilingi 20 kila juma hadi neno la mwisho. Ninajivunia jambo hilo, kwa sababu riwaya ya kwanza ilinifia mikononi. Niliiandika kama nilivyosoma bweni, tulipokuwa tukificha vitabu vya mapenzi vya Mills & Boon chini ya magodoro, vitabu vya kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908 ambavyo vilitufikia vikiwa vimechanika majalada. Nilidhani kilichotukesha kwa mwanga wa tochi ni dhahabu na mazulia, basi nikatumia sura nzima kueleza ngazi za marumaru. Kufikia sura ya sita nilikuwa nimebaki na wasomaji tisa, wawili kati yao wakiwa binamu zangu.

Nilijua nilichokosa siku nilipolitazama tena daftari la kliniki la binti yangu. Muuguzi aliyelijaza alikuwa mama mpole. Aliandika jina langu, akaandika kijiji, alipofika kwenye nafasi ya jina la baba akainua kalamu na kunitazama, nami nikatazama mizani ya watoto. Alisubiri kidogo, kisha akapiga mstari mmoja mfupi. Mstari huo bado upo, wino wa buluu, umelalia kulia. Baba wa mtoto alikuwa wa ukoo wenye jina, na tofauti na wafalme wa riwaya zetu yeye alijua kila kitu. Jamaa zake walituma mtu kusema kwamba mtoto si wao. Miaka iliyofuata sina haja ya kuisimulia.

Mwanamke anayefungua riwaya ya mfalme na mtoto wa siri anautafuta ukurasa ambao mstari ule unafutwa na jina linaandikwa mbele za watu. Ufalme unahitajika kwa sababu hiyo tu: jina likiwa kubwa, kuandikwa kwake kunasikika nchi nzima. Hapa kwetu Kenya jambo hili lilifika hata mahakamani. Sheria ya usajili wa vizazi ilikuwa ikizuia jina la baba ambaye hajamwoa mama lisiandikwe ila wote wawili waombe pamoja, hadi mwaka 2016 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho cha 12 kinapingana na Katiba. Msomaji wako anaweza kuwa ni mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la msajili.

Kwa hiyo, dada yangu, mpe mama sababu. Kama amemficha mtoto miaka sita kwa kuwa alikasirika tu, wasomaji watamhukumu na kuondoka, lakini kama alituma habari na habari ikazuiwa njiani, au alitishiwa, watamsubiri. Jambo la pili ni mtoto mwenyewe: aonekane akiishi kabla hajatambuliwa. Ufalme wangu wa kubuni uko kando ya ziwa, na mfalme anamjua mwanawe katika kibanda cha samaki, anapomwona mtoto wa miaka mitano akimgeuza ngege na kuanza kumla mkiani, akiweka miiba pembeni kwa safu, kama alivyofanya marehemu baba yake mfalme. Mfalme hasemi neno, anasogeza kiti chake tu. Usiku wa sura hiyo nilipokea jumbe hadi saa nane.

Jifunze pia mambo ya viti vya enzi vilivyopo. Albert wa Pili, mtawala wa Monaco, alimkiri mwanawe Alexandre mwaka 2005 na binti yake Jazmin Grace mwaka 2006, lakini hakuna kati yao anayeweza kurithi, kwa sababu wazazi wao hawakuoana. Ubelgiji, Delphine, binti wa nje ya ndoa wa mfalme wa zamani, alipambana mahakamani hadi mwaka 2020 akaitwa binti mfalme, ila hana nafasi katika orodha ya warithi. Kukiriwa na kurithi ni milango miwili, na riwaya inayoifungua yote kwa ufunguo mmoja katika sura ya nne haina tena pa kwenda. Na narudia, mpe mama sababu.

Kina dada, msiwaandike mama hawa wakipiga magoti kushukuru. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la, na mfalme anayekuja baada ya miaka sita analipa deni. Aombe radhi kwanza. Pete ije baadaye, na mama akiikataa mara moja au mbili msimharakishe, maana mimi ningeikataa.

Juzi nilimwomba yule dada anitumie sura yake ya nne. Ndani yake mama anasema alimficha mtoto kwa sababu "aliogopa kasri". Nilimwuliza ni nani hasa ndani ya kasri aliyemwogopa. Alinijibu alfajiri kwamba hakuwahi kujiuliza, na sasa anaiandika upya, akianza na barua ambayo mwana wa mfalme hakuipata na mkono ulioipokea getini.