Umepigwa KO? Kabla hujasaini pambano jingine, mtazame Lennox Lewis

Kijana wangu mmoja akipigwa KO, yaani akiangushwa ulingoni mpaka pambano linaisha, simu yangu haipumziki wiki hiyo. Mama anataka mwanawe aache ngumi. Rafiki zake wanasema karogwa, au kapewa mpinzani mzito makusudi. Siku ya tatu anapiga promota: kocha, kuna nafasi mwezi ujao mkoani, dogo akajisafishe. Bondia mwenyewe, ambaye kichwa kilichopigwa ni chake, hapigi. Amejifungia ndani anasoma maneno ya watu mtandaoni.

Nafundisha ngumi hapa Dar es Salaam miaka mingi sasa, na kabla ya hapo nilipigana mwenyewe. Nilipiga na nilipigwa. Kwa vijana wa namna hiyo nina utaratibu mmoja. Kwanza, mwezi mzima hakuna kupigwa kichwani, hata mazoezini. Kanuni za ngumi za ridhaa, zile zisizo za kulipwa, zinataka mapumziko ya angalau siku 30 kwa aliyepigwa KO ya kichwa, na mimi naifuata hata kwa wa kulipwa, promota akasirike asikasirike. Pili, ndani ya mwezi huo nawakalisha tutazame video za Lennox Lewis, bingwa wa zamani wa dunia wa uzito wa juu, na tunaanza na mapambano aliyoangushwa.

Wengi hawamjui. Bondia wa Uingereza kwao ni Anthony Joshua au Tyson Fury, na Lewis ni jina la akina baba. Basi nawapa hesabu: mapambano 44 ya kulipwa, ushindi 41, kati ya hizo KO 32, kupoteza mawili, sare moja. Halafu nawapa sehemu ninayoipenda mimi: hakuna mtu aliyepanda naye ulingoni katika ngumi za kulipwa ambaye mwishowe hakumpiga. Waliomwangusha walikuwa wawili, na wote aliwarudia. Aliyetoka naye sare, alimrudia pia.

Video ya kwanza ni ya Septemba 24, 1994, Wembley Arena, London. Lewis ana mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC, hajapoteza hata pambano moja la kulipwa, na anapigana kwao na Mmarekani Oliver McCall ambaye watu hawakumpa nafasi. Raundi ya pili haijamaliza hata dakika moja. Wote wawili wanatupa mkono wa kulia kwa wakati mmoja, wa McCall unafika kwanza, Lewis yuko chini. Anainuka, mwamuzi anamtazama machoni, anamaliza pambano. Lewis analalamika kwamba angeweza kuendelea. Hapo nasimamisha video na kumuuliza kijana: unamwona nani kwenye kona ya McCall?

Ni Emanuel Steward, kocha wa gym ya Kronk ya Detroit, Marekani, aliyemlea bingwa Thomas Hearns. Steward alikuwa ameona kwamba Lewis anautegemea mno mkono wa kulia na anapoutupa anajiacha wazi, akamfundisha McCall kuusubiri huo huo. Lewis alifanya nini baada ya kupigwa? Aliachana na kocha wake na kumchukua Steward. Mtu aliyemchorea ramani ya kuanguka akawa ndiye wa kumfundisha, na wakakaa pamoja hadi mwisho wa safari yake.

Sisemi ubadili kocha kila ukipigwa. Wengine mmeshabadili makocha watano na ngumi ni ile ile. Ninachosema ni kwamba aliyekupiga anajua kitu juu yako ambacho kona yako haikukiona. Mimi kijana wangu akipoteza, kesho yake nampigia kocha wa upande wa pili. Nampongeza, halafu namuuliza: ulimwambia nini mtu wako? Ungeshangaa wanavyosema. Kocha aliyeshinda anatamani mtu wa kumsimulia alivyoshinda, na bure bila malipo atakwambia kwamba dogo wako anashusha mkono wa kushoto kila akirudi nyuma, au anafumba macho akibanwa kwenye kamba.

Steward alimrudisha Lewis kwenye mambo ambayo mtu huyafundisha wiki ya kwanza: miguu, kukaa sawa, na ngumi ya kushoto iliyonyooka. Mtu wa karibu mita 2, mwenye mikono mirefu vile, alikuwa anapigana kana kwamba ana konde moja tu. Na hawakukimbilia marudiano. Walipitia kwa Lionel Butler, Justin Fortune, Tommy Morrison, kisha Ray Mercer ambaye alimkamua Lewis raundi zote 10 mwezi Mei 1996, watu hadi leo wanabishana nani alishinda. Kwa McCall alirudi Februari 1997, zaidi ya miaka miwili baada ya kuanguka. McCall alianza kulia ulingoni, akakataa kupigana, na mwamuzi akasimamisha pambano raundi ya tano. Mkanda ulirudi, lakini video hiyo siwaonyeshi vijana. Yule alikuwa mtu anayeumwa, hakuna la kujifunza pale.

Uvumilivu huo haukuanza na Steward. Lewis alizaliwa West Ham, London, mwaka 1965, wazazi wake wakiwa watu wa Jamaika. Akiwa na miaka 12 alimfuata mama yake Kanada, katika mji wa Kitchener, na huko ndiko alikojifunza ngumi. Mwaka 1984 akaenda Olimpiki ya Los Angeles akiwa na miaka 18, akapigwa kwa pointi robo fainali na Tyrell Biggs, ambaye ndiye aliyechukua dhahabu. Fedha za kulipwa zilikuwa zinamngoja. Akazikataa, akabaki ridhaa miaka minne mingine. Mwaka 1988, Seoul, alimsimamisha Riddick Bowe raundi ya pili ya fainali na kuchukua dhahabu kwa jina la Kanada. Mwaka uliofuata ndipo akarudi Uingereza kuanza kulipwa. (Waingereza wenyewe walichelewa kumkubali, kwa ile lafudhi yake ya Kanada, mioyo yao ilikuwa kwa bondia wao Frank Bruno. Mwaka 1993 aliwapigia Bruno wao pale Cardiff, raundi ya saba.)

Nikifika hapa vijana hukaa kimya, kwa sababu wanajua nakoelekea. Kijana ana mapambano manne ya ridhaa, moja kapoteza, anakuja kuniambia anataka kwenda kulipwa maana "ridhaa hakuna hela". Kweli hakuna. Lakini kwenye kulipwa, mtu asiye na jina huwekwa kwenye kadi, ile orodha ya mapambano ya siku, ili ajengee wengine rekodi. Ukiingia na msingi wa kazi ya wiki sita, utajenga rekodi za watu mpaka uchoke. Baki, upigwe kwa pointi na vijana wenzako, urekebishe.

Video ya pili ndiyo ndefu kwenye mazungumzo yetu: Brakpan, Afrika Kusini, Aprili 22, 2001. Sasa Lewis ni bingwa wa dunia na mpinzani ni Hasim Rahman wa Baltimore. Brakpan iko upande wa Johannesburg, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Rahman alitangulia mapema, mwili ukazoea. Lewis alikuwa Las Vegas akiigiza kipande kifupi kwenye filamu ya Hollywood. Alifika Afrika Kusini zikiwa zimebaki chini ya wiki mbili, na kwenye mizani alisoma zaidi ya kilo 114. Pambano likapigwa alfajiri, ili Marekani walione usiku wao. Tazama raundi ya nne na ya tano: anapumua kwa mdomo, anaegemea kamba, mikono iko chini, na anatabasamu. Mkono mmoja wa kulia wa Rahman, kwisha.

Bondia wa Dar asikie hapa. Sisi tunakaa usawa wa bahari. Nairobi iko juu kama Brakpan, na zaidi kidogo. Nimeona vijana wanapanda basi Alhamisi, wanafika wamevimba miguu, wanapima uzito Ijumaa, wanapigana Jumamosi, na raundi ya tatu miguu imekufa. Wakirudi wanasema waliwekewa kitu kwenye maji. Hukuwekewa kitu, mwanangu, hewa ni nyepesi. Ama uende wiki tatu kabla, ama ukubali kwamba utapigana raundi chache kwa akili na siyo zote kwa kasi. Na kama promota hana fedha za kukuweka huko hizo wiki tatu, hilo lizungumzwe kabla ya kusaini, lisiwe la kulalamikia baadaye.

Kuhusu kusaini: Lewis alipata nafasi ya kumrudia Rahman kwa sababu ya karatasi. Mkataba wa Brakpan ulikuwa na kifungu cha marudiano. Rahman baada ya kushinda alisaini na promota Don King na kutaka kwenda kutetea mkanda kwa mtu mwingine. Lewis akaenda mahakamani New York, na jaji akaamua kwamba Rahman ama ampe Lewis marudiano ama asipigane kwa miezi 18. Wakapigana Novemba 17, 2001, Las Vegas, baada ya kwanza kugaragazana mbele ya kamera kwenye studio ya televisheni kama watoto wa shule. Lewis alikuwa amepungua kilo tatu hivi. Raundi ya nne alitanguliza kushoto, akafuatisha mkono wa kulia ambao Rahman, nadhani, bado anausikia. Alijaribu kuinuka, akarudi chini.

Kwa hiyo uliza mkataba. Najua mikataba mingi ya mapambano madogo huku ni ukurasa mmoja, na mingine ni maneno ya simu. Uliza hivyo hivyo: nikipoteza, kuna marudiano? Nikishinda, nimefungwa na nani, kwa muda gani? Yaandikwe, upewe nakala yako, na mtu mmoja wa familia anayejua kusoma mambo hayo aisome. Promota mzuri hakasiriki kuulizwa.

Wapo wanaoniambia, kocha, mimi sikupigwa, nimeibiwa na majaji. Inatokea. Machi 13, 1999, Madison Square Garden, Lewis alimchapa Evander Holyfield kwa jinsi ambayo hata hesabu za ngumi zilionyesha: 348 zilizofika kwa Lewis, 130 kwa Holyfield. Jaji mmoja akampa Lewis, mmoja akampa Holyfield, mmoja akasema sare, na matokeo yakawa sare. New York ilichafuka. Miezi minane baadaye wakarudiana Las Vegas na Lewis akashinda kwa majaji wote watatu. Cha ajabu, pambano hilo la pili lilikuwa gumu zaidi kwake, Holyfield alijirekebisha vizuri. Ukiibiwa, basi, jua kwamba mwenzako naye anatazama video, na anajua alivyoponea. Ukirudi ulivyokuwa, safari ya pili atakupiga kihalali.

Pambano la Mike Tyson, Memphis 2002, kila mtu ameshaliona, tunalipita. Tunamalizia na la Juni 21, 2003, Los Angeles, na Vitali Klitschko. Lewis ana miaka 37, kilo zaidi ya 116, nzito kuliko wakati wowote wa maisha yake ya ulingoni, na baada ya raundi sita majaji wote watatu wana pointi 58 kwa 56 upande wa Klitschko. Lakini ngozi ya juu ya jicho la Klitschko imepasuka vibaya, daktari anasimamisha, Lewis anabaki na mkanda. Dunia nzima ikataka marudiano, na fedha zilikuwapo za kutosha. Februari 2004 akatangaza kustaafu akiwa bado bingwa.

Hapa vijana hunigeukia. Wanasema alimkimbia, na kwamba mtu aliyewarudia wote angemrudia na huyu. Mimi naona tofauti. McCall na Rahman walimpiga kwa makosa ambayo yangeweza kurekebishwa, mkono ulioachwa wazi, kambi iliyochelewa. Kule Los Angeles tatizo lilikuwa umri, na hakuna kocha wa kulirekebisha, hata Steward. Alijipima akaona. Leo anazungumza vizuri, anacheza chesi yake, ametoa maoni ya ngumi kwenye televisheni baada ya kustaafu, na wapo wa rika lake ambao hawawezi.

Kama una miaka 35 na umeangushwa mara mbili mfululizo, usinipigie kuulizia pambano lijalo. Nipigie tuzungumze juu ya kozi ya ukocha au ya uamuzi, kwa hilo nitakusindikiza mwenyewe mpaka ofisini. Kama una miaka 20 na umeangushwa mara moja, pumzika mwezi wako, kula, lala, zima simu. Halafu njoo na namba ya kocha wa yule aliyekupiga.