Saini ya kununua na saini uliyoiona ikiandikwa

Mkuu, umeuliza mambo mawili: picha ya marehemu Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, yenye saini unayouziwa mtandaoni utaijuaje kama ni halali, na mtu wa Dodoma aanzie wapi kukusanya saini wakati waigizaji wengi wako Dar. Nakusanya picha hizi tangu enzi za kundi la maigizo la Kaole pale ITV, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kanumba alifariki 7 Aprili 2012. Picha iliyosafishwa, yaani kutolewa kwenye karatasi, baada ya hapo haiwezi kuwa na saini yake, kwa hiyo kagua karatasi kwanza. Kisha ilaze kiubavu karibu na dirisha. Wino wa maka peni hukaa juu ya picha na hung'aa tofauti. Saini iliyochapwa pamoja na picha haina mng'ao wake yenyewe, na ukiweka lenzi ya kukuzia mara nyingi utaona vinukta vya printa. Kwa nyota wa Marekani kuna mtego mwingine: mashine inayoshika kalamu halisi na kurudia saini ileile. Ukipandanisha mbili zikalingana kabisa, achana nazo.

Mimi sinunui saini ya marehemu, awe Kanumba awe mchekeshaji King Majuto aliyetutoka Agosti 2018, mpaka muuzaji aeleze ilisainiwa wapi na mbele ya nani. Bei kubwa si ushahidi.

Kuhusu Dodoma, usijione uko mbali. Wasanii huja kualikwa bungeni, hasa Bunge la bajeti kati ya Aprili na Juni, na Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni. Tangu treni ya SGR ianze 2024, hata Dar si safari ya kuogopa. Usimvamie mtu akiwa anakula au yuko na familia yake. Subiri amalize, msalimie, mtajie uhusika wake uliokugusa. "Shikamoo mzee, ulivyoigiza yule baba mkwe tulikuwa tunajazana sebuleni kwa jirani." Hapo mlango umefunguka.

Na hapa ndipo penye raha yote ya jambo hili. Wazee wa maigizo ya televisheni siku hizi wanaombwa selfi, si saini. Ukimpa picha yake ya miaka ile, ataishika muda mrefu kabla hajaomba kalamu. Atakutajia walioigiza naye, nani yuko wapi, nani ametangulia. Wengi huuliza kama wanaweza kubaki nayo, ndiyo maana mimi husafisha nakala mbili, moja yake. Tafadhali anza na wazee. Vijana wa vichekesho na tamthilia za sasa utawakuta tu, wazee hawatakusubiri.

Nenda studio wasafishe picha, usiprinti kwenye duka la steshenari. Wino wa printa nyingi hufumuka ukiguswa na maji. Chagua picha yenye sehemu nyeupe au angavu. Beba maka peni ya ncha nyembamba. Kalamu ya kawaida inakwaruza karatasi inayong'aa na haishiki. Mwombe aandike jina la kisanii na la kwake. Iache ikauke kabla ya kuiweka kwenye bahasha, na nyuma andika kwa penseli, taratibu, tarehe na mahali.

Usiilamineti! Najua tunalamineti kila cheti, lakini ule moto na gundi havirudi nyuma, na wino unaweza kutawanyika. Usiitundike inapopigwa na jua. Jua letu la hapa linafifisha wino haraka. Iweke kwenye albamu, ndani ya kabati, juu kabisa, mbali na vumbi la kiangazi na mchwa.

Hiyo ya Kanumba usilipie kwanza. Mwombe muuzaji aipige picha mbele, nyuma, na moja ya karibu kwenye saini ikiwa imelazwa upande kwenye mwanga, halafu ziweke hapa tuzitazame.