Orodha yangu ya kazi haiishi, nifanyeje? Majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka Kisumu, Maseno, Nakuru, Bungoma na Kakamega, na yote yanahusu kupanga kazi kwa kuziandika. Nimeyaweka pamoja kwa sababu karibu yote yana tatizo moja: mtu anaandika anachotamani kifanyike, halafu jioni anajilaumu kana kwamba aliandika kazi.

Mimi ni fundi cherehani sokoni Kibuye, Kisumu. Kila asubuhi naandika kazi kumi na mbili hivi. Jioni nimemaliza nne, wateja wanadai nguo zao, nami najiona mvivu. Niache kuandika?

Usiache, dada. Na neno hilo "mvivu" liondoe kabisa. Mtu aliyemaliza nguo nne huku akipima wateja, akijibu simu na kungoja stima irudi hakushinda bure. Kilichokosewa ni hesabu ya asubuhi. Uliipangia siku ambayo hakuna mteja anayeingia ghafla, uzi haukatiki na stima haipotei. Kibuye hakuna siku kama hiyo.

Hata wasomi wanaangukia hapo hapo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba tunapokadiria muda wa kazi, tunaiwaza kazi hiyo ikienda vizuri, hatukumbuki zilizotangulia zilituchukua muda gani. Mwaka 1994 watafiti nchini Kanada walitoa matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Kwa wastani walisema kama siku 34. Walitumia zaidi ya 55.

Kwa hiyo anza kwa kupima muda unavyopima kiuno cha mteja. Wiki hii, kando ya kila nguo kwenye daftari, andika saa uliyoanza kukata na saa uliyomaliza kupiga pasi. Tuseme utagundua sketi moja ya shule inakula saa moja na nusu. Tuseme pia, ukiondoa muda wa wateja, unabaki na saa sita za kukaa kwenye cherehani. Basi sketi nne ndizo siku yako. Ya tano iandike kesho, na mwenye sketi mwambie kesho tangu asubuhi. Mteja anaweza kuvumilia tarehe ya mbali. Kinachomkera ni kurudishwa mara tatu.

Jambo lingine: usiandike "gauni la harusi". Hiyo ni kazi ya siku kadhaa iliyojificha katika maneno matatu. Andika "kata bitana", kesho yake "tia zipu", kisha "pinda chini". Kazi zinazohitaji stima, kama pasi na ovaloki, zitie alama uzikimbilie stima inapokuwepo. Cherehani ya kukanyaga itasubiri.

Nasoma Maseno. "Kuandika pendekezo la utafiti" limekaa kwenye orodha yangu mwezi mzima. Nikiliona tu nachoka. Msimamizi wangu ameanza kuniulizia.

Jambo linalokaa mwezi mzima kwenye orodha mara nyingi halijakosa muda. Limekosa mahali pa kuanzia, au ndani yake kuna kitu unachokiogopa. Jiulize mkono wako utafanya nini hasa ukiketi. Jibu likiwa "nitafungua faili niandike sentensi tano kueleza tatizo la utafiti", hilo ndilo la kuandika kwenye orodha. Ukiona kumbe mada yenyewe hujaiamua, andika "kumwona msimamizi Alhamisi na mada mbili".

Kisha ongeza mahali na saa. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer amelichunguza hili kwa miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa 1997, wanafunzi walipewa ripoti ya kuandika wakati wa sikukuu ya Krismasi. Walioamua mapema wangeandikia wapi na lini walitimiza kwa idadi iliyo zaidi ya mara mbili ya wenzao, ingawa wote walikuwa na nia. Kwa hiyo usiseme "wiki hii nitajitahidi". Sema: "Nikitoka darasani saa nne Jumanne, nakwenda maktaba moja kwa moja, simu inabaki kwenye begi." Ijumaa mpelekee msimamizi ukurasa mmoja, hata ukiwa na mapengo. Anayekuulizia bado ana moyo na wewe.

Simu au daftari?

Kile unachokifungua bila kushurutishwa. Mimi hupendekeza daftari dogo la mfukoni kwa kazi za siku, kwa sababu ukifungua simu kutazama orodha, WhatsApp nayo inakusubiri hapo hapo. Mambo yenye tarehe yasiyosamehe, kama mchango wa chama au ritani za kodi za 30 Juni, yatie kengele kwenye simu, siku chache kabla.

Wakati mwingine nafanya kazi ambayo sikuiandika, halafu naiandika ili niikate. Ninajidanganya?

Hapana. Iandike, ikate. Ukipekua daftari mwisho wa wiki utaona siku zako zinakwenda wapi hasa, na kama kazi hizo za kushtukiza zinakula nusu ya siku, wiki inayofuata utaziachia nafasi.

Ni muuguzi hapa Nakuru. Nikitoka zamu silali. Nawaza zamu ya kesho, karo ya mtoto, mama aliye mgonjwa kijijini. Orodha si itaniongezea mawazo?

Pole sana. Mzigo huo ni mzito na si wa kubuni. Lakini kuandika huelekea kupunguza mawazo. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2018 kuhusu vijana 57 waliolala maabara. Kabla ya kuzima taa, kila mmoja aliandika kwa dakika 5: wengine mambo waliyokwisha kuyafanya, wengine wanayopaswa kuyafanya siku zijazo. Hawa wa pili walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa kama dakika 9. Na kadiri walivyoandika kwa undani, ndivyo walivyolala upesi.

Undani ndio siri. "Karo" itakukodolea macho usiku kucha. "Kumpigia mhasibu wa shule kesho saa tatu, kuomba kulipa mara mbili" ina mtu, saa na ombi. Akili ikishajua jambo lina zamu yake, haina sababu ya kukuamsha ulikumbuke.

Kuhusu mama: andika lile unaloweza wewe peke yako, na lile la kumwomba ndugu aliye karibu naye. Yasiyo mikononi mwako hayana nafasi kwenye karatasi hiyo. Na usingizi ukiendelea kukukimbia kwa majuma, zungumza na daktari kama unavyowashauri wagonjwa wako.

Nina ekari mbili za mahindi, Bungoma. Naandika palizi Jumatatu, mvua inanyesha mpaka Jumatano. Orodha ina faida gani kwa mkulima?

Faida ipo, mzee wangu, ila usiipange kwa siku. Ipange kwa hali ya anga. Gawa ukurasa mara tatu. Kukiwa kukavu: palizi, maana magugu yaliyong'olewa yanakauka juani badala ya kushika mizizi upya. Udongo ukiwa na unyevu: mbolea ya kukuzia, CAN, mahindi yakifika magotini, lakini si wakati mvua kubwa iko mlangoni, itaisomba. Mvua ikinyesha: kushona magunia, kutia jembe mpini, kupiga hesabu ya vibarua na mbegu. Asubuhi unatazama mawingu, unachagua safu yako.

Kazi moja haingoji safu yoyote: kukagua moyo wa mmea kutafuta viwavijeshi, angalau mara mbili kwa wiki mahindi yakiwa machanga. Wakiwa wadogo bado unawaweza.

Nafanya kazi ofisini Kakamega, nina watoto watatu. Nikifika nyumbani ni vyombo, chakula, kazi za shule. Mume wangu husema, "Niambie tu nikusaidie nini." Nimechoka hata kumwambia. Haya yote niyaandike?

Vyombo usiviandike, mama. Kazi inayorudi kila siku haina haja ya orodha, ina haja ya mtu wake.

Kilichokuchosha nakiona katika hiyo sentensi ya mume wako. Huenda ana nia njema, lakini akingoja kuambiwa, kukumbuka kote kunabaki kwako, na kukumbuka ni kazi. Anayejua unga umebaki wa siku mbili na kwamba kesho mtoto wa pili anatakiwa kwenda na manila shuleni anafanya kazi hata akiwa ameketi.

Jumapili jioni, watoto wakishalala, ketini nyinyi wawili na karatasi. Andikeni yote yanayoiendesha nyumba, pamoja na yale unayoyafanya kimyakimya kichwani. Kisha gawaneni kazi nzima nzima. Usimpe "kununua gesi". Mpe gesi: yeye ndiye wa kutikisa mtungi kujua umebaki nini, wa kutenga pesa, wa kuupeleka kujazwa. Mtoto mkubwa naye apewe lake, hata kama ni kukagua mabegi ya wadogo zake kabla ya kulala.

Karatasi ibandikeni jikoni. Na siku gesi ikiishia maharagwe yakiwa motoni, usikimbie dukani. Mpigie simu, umwambie mtungi umeisha.